Upande wa Ukuta

Huku Tukuyu asubuhi ina swali lake:
Ugonile? Umelala?
Na mama, tangu Aprili, hujibu "Ndaga" tu,
shukrani isiyo ndiyo wala hapana,
kisha anainama kuchochea moto.

Jumapili alinipigia: "Ukuta unanguruma.
Ukilaza kichwa unausikia,
kama nyuki waliosahau walikoingilia."
Nikaazima kipimo chuoni, nikasaini mara mbili,
nikateremka stendi na mvua.

Kipimo chenyewe hakina makuu,
kipande cha sabuni ya mche chenye kioo.
Tulianza jikoni. Mama nyuma yangu na daftari la kikoba,
akiandika namba ubavuni mwa madeni ya watu.
Mgongoni mwa friji: mbili nukta moja.
Hatua moja nyuma: karibu na sifuri.
"Imekwenda wapi?"
"Imechoka njiani, mama. Haina miguu mirefu."
Pasi ikiwa na moto, namba iliruka;
nilipoichomoa, ikalala.
Luku ikalia mlio wake wa njaa.
"Huyo usimpime," akasema, "huyo namjua, anataka hela."

Chumbani mambo yakageuka.
Hapakuwa na kifaa, ila taa moja na msumari wa koti,
lakini namba ilipanda juu ya shuka
na haikuchoka.

Nikapanda darini na tochi,
nikakutana na kazi ya baba.
Mwaka ule umeme ulipotufikia
alizifunga nyaya mwenyewe,
pesa ya fundi ikawa ada yangu ya kidato cha tatu.
Mmoja ameupitisha juu ya mlango.
Mwenzake, nadhani ulimwishia,
ameuzungusha kwa dirishani,
akauunga na kipande cha rangi nyingine.
Chuoni hilo ni somo la wiki ya kwanza:
waya wa kwenda na waya wa kurudi zilale pamoja.
Zikilala pamoja zinanyamazishana.
Ukizitenganisha, kila mmoja unasema peke yake
na chumba kizima kinasikia.

Kusikia ni neno letu la darasani.
Sikio halisikii sumaku,
na namba ile, kwa vitabu nilivyosoma, haimuui mtu.
Nilipaswa kumwambia. Nilishuka na vumbi kichwani,
nikapima kitanda.
Upande wa mlango: sifuri nukta tatu.
Upande wa ukuta: nne nukta sita.
"Basi huku kwako hakuna neno," nikasema,
nikipapasa upande wa mlango,
alikolala miaka thelathini na moja
karibu na vikohozi vyetu.

Hakuandika.
Nikautazama mto. Shimo la kichwa
lilikuwa ukutani, chini ya koti la baba.
"Nalala kwake," akasema.
"Upande wangu ukiwa mtupu navumilia.
Wake ukiwa mtupu, siwezi."

Kipimo kikaendelea mkononi, nne nukta tano, nne nukta sita,
hadi nilipokumbuka kukizima.

Kesho yake nilinunua waya mita kumi na mbili,
nikaurudisha wa pili juu ya mlango, ubavu kwa ubavu na mwenzake.
Kile kipande cha rangi nyingine
mama alikizungusha kidoleni kikawa kishada,
akakitia mfukoni mwa koti.
Kitanda hatukukigusa.

Alfajiri Subilaga akapita na ndoo ya maziwa,
gunia kichwani kukinga mvua.
"Ugonile?"
"Ndaga," akajibu mama. Akasita.
"Kidogo."

Daftari nimeliona leo likiwa mezani.
Friji ina namba yake, pasi ina yake.
*Chumbani, ukutani*: hapo pamebaki wazi,
na mstari wa chini yake
Anyosisye bado anadaiwa elfu nane.